Jiko dogo ndani ya bomba la moshi

Miongoni mwa barua zinazoifikia safu hii, zile zinazohusu gari la nyumbani zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na kadhaa kati yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Taa ya manjano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi. Fundi amechomeka mashine yake ya kupimia, ikatoa namba P0135 au P0141, na mwenye gari akaambiwa kwamba hita ya sensa ya oksijeni imekufa. Baada ya hapo hutolewa ushauri wa namna tatu. Wa kwanza anasema inunuliwe mpya, kwa bei ambayo baba au mama mwenye gari moja la kutegemea hawezi kuitoa bila kuahirisha jambo jingine. Wa pili anasema achana nayo, gari linatembea. Wa tatu anasema ondoa kila kitu, sensa na masega pamoja, upige bomba tupu.

Tumeona kwamba kabla ya kuchagua baina ya hao watatu, ni haki ya msomaji kujua chombo chenyewe ni kitu gani, kimeundwaje, na kwa nini kifaa kinachoishi ndani ya moshi wa moto kihitaji tena kupashwa moto kwa umeme. Swali hilo la mwisho ndilo linalowashangaza wengi. Nalo ndilo lenye elimu kubwa zaidi.

Tuanze na kazi yake. Petroli haiungui peke yake. Huungua kwa oksijeni ya hewa. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote pasi na kubaki mafuta wala oksijeni, huhitajika takriban gramu 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi, moshi hutoka na kaboni monoksaidi pamoja na mabaki ya petroli isiyoungua. Hewa ikizidi na moto ukiwa mkali, naitrojeni ya hewa huungana na oksijeni na kutoa oksidi za naitrojeni, zinazochoma mapafu. Masega, yaani lile kopo lenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki lililopakwa madini ya thamani kama platini na rodi, yamewekwa kwenye bomba ili yageuze sumu zote tatu kuwa hewa zisizodhuru kiasi hicho. Lakini masega yana sharti gumu. Huzigeuza zote tatu kwa pamoja pale tu ambapo mchanganyiko uko karibu kabisa na kile kipimo cha 14.7. Ukisogea upande mmoja kidogo, sumu moja hupita. Ukisogea upande wa pili, hupita nyingine. Hakuna kabureta iliyowahi kulenga shabaha nyembamba kiasi hicho kwa muda wote wa safari, mlimani na bondeni, asubuhi ya baridi na mchana wa jua.

Kwa hiyo palihitajika jicho ndani ya bomba: kitu kitakachoonja moshi na kuiambia kompyuta ya gari, mara nyingi ndani ya dakika moja, kama mafuta yamezidi au yamepungua. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikitengeneza kifaa hicho, na mwaka 1976 kikaingia kiwandani kwa mara ya kwanza katika magari ya Volvo ya Sweden yaliyokusudiwa kuuzwa Marekani, hasa California. Huko mji wa Los Angeles ulikuwa umeteseka miaka mingi kwa ukungu wa moshi, na mwanakemia Arie Haagen-Smit alikuwa amekwisha kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba ukungu ule huzaliwa pale moshi wa magari unapopigwa na mwanga wa jua. Sheria zikakazwa, na wahandisi wakalazimika kutafuta njia. Herufi ya Kigiriki lambda, inayotumiwa na wahandisi kwa uwiano wa hewa na mafuta, ndiyo iliyokipa kifaa jina lake la kwanza. Baadhi ya Volvo za wakati huo zilitembea na maneno "Lambda Sond" yamebandikwa mbele kwenye grili, kama vile leo watu wanavyojivunia maandishi ya injini za umeme.

Sasa tukifungue.

Kwa nje kinafanana na plagi ya injini: mwili wa chuma wenye nyuzi za kufungia, ambazo kwa magari mengi zina kipenyo cha milimita 18, na kichwa cha pembe sita cha kushikwa na spana ya 22. Upande wa juu hutoka nyaya. Upande wa chini, unaoingia ndani ya bomba, kuna kifuniko cha chuma chenye matundu au mipasuo. Kifuniko hicho si pambo. Moshi hutoka kwa kasi, ukiwa na masizi na wakati mwingine matone ya maji, na kilicho ndani yake ni kauri. Kifuniko huuvunja upepo huo na kuuacha uingie kwa upole.

Ndani ya kifuniko ndimo lilimo lile jambo lenyewe. Ni kauri nyeupe yenye umbo la subana, ile kofia ndogo ambayo mshonaji huivaa kidoleni asichomwe na sindano: imezibwa chini, iko wazi juu, na ina uwazi katikati. Upande wa nje wa subana hii hugusana na moshi. Upande wa ndani hugusana na hewa safi ya kawaida, ile yenye oksijeni ya asilimia 21, inayoingia kutoka nje ya gari. Kauri ni ukuta baina ya hewa mbili, na kifaa kizima kimebuniwa ili kulinganisha oksijeni ya upande huu na ya upande ule.

Kauri hiyo ni oksidi ya zirkoni. Jina lenyewe limepita katika lugha ambazo wasomaji wetu wanazijua: linatokana na Kiajemi, neno lenye maana ya rangi ya dhahabu, likapita katika Kiarabu kwa sura ya zarqun kabla ya kufika Ulaya, ambako mwaka 1789 Mjerumani Martin Heinrich Klaproth alilitambua madini jipya ndani ya vito vilivyotoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Mchanga wenye zirkoni hata pwani yetu unao. Kule Kwale, kusini ya Mombasa, ulichimbwa na kusafirishwa pamoja na madini ya titani kwa takriban miaka kumi, hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024.

Lakini oksidi ya zirkoni tupu haifai. Ikipata moto mkali hubadili mpangilio wa fuwele zake, ikavimba na kusinyaa, na mwisho hupasuka. Dawa yake ni kuichanganya na kiasi kidogo cha oksidi ya yitri, madini yaliyopewa jina la kijiji cha Ytterby huko Sweden. Mchanganyiko huo hufanya mambo mawili kwa mpigo mmoja. Kwanza, huifunga fuwele isibadilike umbo. Pili, na hapa ndipo penye ustadi wa maumbile, huacha nafasi tupu. Kila atomi ya zirkoni huja na oksijeni mbili. Atomi mbili za yitri huja na tatu tu kwa pamoja, mahali ambapo zirkoni mbili zingeleta nne. Basi kila yitri mbili zinapokaa mahali pa zirkoni mbili, kiti kimoja cha oksijeni hubaki kitupu. Kauri ikipashwa moto vya kutosha, oksijeni zilizo jirani huanza kuhama kutoka kiti hadi kiti, kama watu kwenye safu wanaosogea kujaza pengo, zikiwa zimebeba umeme. Umeme wa kawaida, ule unaopita katika waya wa shaba, haupiti hapo. Zinapita chembe za oksijeni zenye chaji peke yake.

Pande zote mbili za subana hupakwa platini kwa unene mdogo mno, yenye vitundu vya kupitisha hewa. Sasa fikiria mafuta yamezidi, na moshi hauna oksijeni. Ndani ya subana kuna oksijeni tele, nje hakuna. Oksijeni hutaka kutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama ilivyo kawaida ya hewa zote. Kila atomi inapoingia katika kauri kutoka ndani huchukua elektroni mbili kutoka platini ya ndani, na inapotokea upande wa pili huziacha kwenye platini ya nje. Platini moja inapungukiwa, nyingine inazidiwa, na baina yao hutokea volti. Si volti kubwa: takriban 0.8 hadi 0.9 pale mafuta yanapozidi. Hewa inapozidi, oksijeni inakuwepo pande zote mbili, haja ya kuhama inapungua, na volti hushuka hadi karibu 0.1. Kanuni inayounganisha volti na tofauti hiyo iliandikwa na Mjerumani Walther Nernst mwaka 1889, wakati ambapo magari ya petroli yenyewe yalikuwa vitu vya ajabu vichache.

Msomaji makini atauliza: kwa nini volti iruke ghafla na isipande polepole? Jibu liko kwenye platini. Katika moshi huwa kuna mabaki ya oksijeni na mabaki ya mafuta kwa pamoja, hayakuwahi kukutana. Platini, kwa tabia yake, huyakutanisha na kuyaunguza palepale juu ya kauri. Ikiwa mafuta ndiyo yaliyozidi walau kidogo, oksijeni yote huliwa, na kinachobaki ni chembe chache zisizo na mfano: uwiano wa oksijeni huanguka kwa zaidi ya mara bilioni 10 katika kupita mstari ule mmoja wa 14.7. Ndiyo maana kifaa hiki ni sahihi mno mahali pamoja tu. Hakikuambii mafuta yamezidi kwa kiasi gani. Kinakuambia yamezidi, au hayakuzidi. Kompyuta hupunguza mafuta hadi volti ianguke chini ya 0.45 hivi, kisha huongeza hadi ipande tena, na hivyo hivyo, huku na huku, wakati wote wa safari. Juu ya platini ya nje hupakwa tabaka jingine la kauri yenye vitundu, ili masizi na majivu ya oili yasiifikie upesi.

Na moto? Tulisema oksijeni huhama kauri "ikipashwa moto vya kutosha". Chini ya nyuzi joto 300 hivi, kauri hii ni kizuizi, na volti inayotoka haisomeki. Vihisi vya mwanzo vilikuwa na waya mmoja tu na vilitegemea joto la moshi. Hivyo kila injini ilipowashwa baridi, kompyuta ilikuwa kipofu kwa dakika moja au zaidi, ikimwaga mafuta kwa kukisia. Gari likisimama foleni injini ikizunguka polepole, moshi ulipoa na kihisi kikalala tena. Ili kukwepa hilo kilifungwa karibu sana na injini, na huko kikaungua kila gari lilipopanda mlima na mzigo, kwani moshi huweza kufika nyuzi 900 na zaidi. Kikiwa mbali, kinapoa; kikiwa karibu, kinakufa.

Mwaka 1982 Bosch walileta jibu: wakaingiza jiko dogo ndani ya uwazi wa subana. Ni kijiti cha kauri nyingine, oksidi ya alumini, ambacho ndani yake umechapwa mstari mwembamba wa chuma kinachostahimili moto, kama tangisteni. Hupewa volti 12 za betri, na hutumia umeme wa wati kumi na kitu, kiasi cha balbu ndogo ya taa ya nyuma. Uzuri wa mstari huo ni kwamba unavyopata moto ndivyo unavyoukataa umeme, hivyo hujizuia wenyewe usivuke mpaka. Kwa kijiti hiki kihisi huanza kusema kweli katika sekunde 20 hadi 30, foleni haikilazi tena, na fundi wa kiwandani ana uhuru wa kukifunga mbali na makali ya moto. Umri wake ukarefuka: kile kisicho na hita kilikadiriwa kilomita 50,000 hadi 80,000, chenye hita 100,000 na zaidi.

Hatuwezi kupita hapa bila kutaja ajabu moja ya historia. Nernst yuleyule, mnamo 1897, aliitengeneza taa ya umeme kwa kauri iyo hiyo, zirkonia asilimia 85 na yitria asilimia 15. Kijiti chake kiling'aa bila kuhitaji chupa isiyo na hewa, kwa sababu kauri haiungui. Taabu yake ilikuwa moja: kikiwa baridi hakikupitisha umeme. Mwanzoni watu walikipasha kwa kiberiti kwanza, ndipo kiwake! Baadaye taa ilitiwa waya mdogo wa kuipasha ambao ulijizima taa ilipowaka. Balbu za tangisteni zikaja zikaiua, lakini tatizo lake na dawa yake vilirudi baada ya miaka themanini na zaidi, ndani ya bomba la moshi.

Tangu miaka ya 1990 limekuja umbo jipya. Badala ya subana na kijiti kilichotiwa ndani, kauri hutandazwa katika karatasi nyembamba, platini na mstari wa hita huchapwa juu yake kwa namna inayokaribiana na kuchapa kitambaa, kisha karatasi hupangwa juu ya nyingine na kuokwa pamoja hadi ziwe kipande kimoja chenye upana wa milimita chache. Kwa kuwa hita imeshikana na kauri yenyewe, joto hufika katika sekunde kumi hivi. Magari mengi yaliyotoka Japani katika miaka ya karibuni yana aina nyingine tena mbele ya masega, yenye uwezo wa kupima kiasi na si kusema ndiyo au hapana tu. Hiyo huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 700 na hita yenye nguvu zaidi. Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: aina hizo hazibadilishani, hata kama nyuzi za kufungia zinalingana.

Sekunde hizo tunazozihesabu si mchezo wa wahandisi. Katika safari fupi, sehemu kubwa ya sumu hutoka katika dakika moja au mbili za kwanza, masega yakiwa bado baridi na mafuta yakiwa yamezidishwa. Na safari za familia ni fupi: kumpeleka mtoto madrasa, sokoni, hospitali, msikitini. Gari huwashwa baridi uani, karibu na dirisha la jikoni, na wanaovuta moshi ule wa kwanza ni watu wa nyumba hiyohiyo.

Ipo hatari ambayo hita yenyewe huleta. Moshi una mvuke wa maji, na bomba likiwa baridi mvuke hugeuka matone. Tone la maji likidondokea kauri yenye nyuzi 600 huipasua, kama sufuria ya udongo inayotolewa jikoni na kumwagiwa maji. Kwa sababu hiyo kompyuta haiipi hita nguvu zote mara moja. Huipa umeme kwa vipande vipande, kidogo kidogo, mpaka ikadirie kwamba bomba limekauka. Gari linalovushwa kwenye maji ya mafuriko hadi bomba likazama linaweza kuipoteza kauri siku hiyohiyo, na msimu wa mvua za masika hatuoni ajabu kusikia malalamiko ya aina hiyo.

Sasa turudi kwa wale washauri watatu, na kwa namba zao. P0135 husema mkondo wa hita ya kihisi cha mbele, kilicho kabla ya masega, una kasoro. P0141 ni wa kihisi cha nyuma, kilicho baada ya masega. Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Cha mbele ndicho kinachoongoza mafuta. Kikichelewa kuamka, kompyuta huendesha kwa kukisia, aghalabu kwa kuzidisha, na mwenye gari huona sindano ya mafuta ikishuka upesi. Cha nyuma kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega kama bado yanafanya kazi. Magari ya Marekani yaliwekewa ulinzi huo kwa lazima kuanzia yale ya mwaka 1996, na dunia ikafuata. Hita ya nyuma ikifa, matumizi ya mafuta huwa hayabadiliki sana. Mtu ambaye fedha ni chache anaweza kuisubirisha hiyo ya nyuma kwa mwezi au miwili bila madhara makubwa kwa mfuko wake, ilimradi ajue kwamba taa ikiwa imeshawaka, kasoro nyingine mpya itakuja bila yeye kujua.

Pia namba ile inasema mkondo, haisemi kihisi. Mkondo ni fyuzi, waya, plagi ya nyaya na hita kwa pamoja. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa ndipo familia zinapopoteza fedha: kihisi kizima hutupwa, kipya hununuliwa, na taa huwaka tena kesho yake, kwani kilichokuwa kimekufa ni fyuzi, iliyoungua baada ya waya kulegea na kugusa bomba la moto. Kipimo chake ni chepesi. Kihisi cha waya nne kina nyaya mbili za rangi moja; hizo ndizo za hita, nyeupe kwa Bosch, nyeusi kwa Denso. Injini ikiwa imepoa, fundi huchomoa plagi na kuweka mita ya umeme kwenye nyaya hizo mbili. Ohm chache, au kumi na kitu, humaanisha hita ni nzima. Mita isiposoma chochote, mstari umekatika ndani na hakuna wa kuushona. Kisha hupima upande wa gari, ufunguo ukiwa umewashwa, kama volti 12 zinafika. Fundi asiyekubali kupima hivyo mbele ya mwenye gari, sisi tungemwaga kwa heshima na kutafuta mwingine.

Vitu vinavyokiua kihisi kabla ya siku zake vingi viko mikononi mwetu. Risasi ndiyo iliyokuwa adui wa kwanza, kwani huipaka platini na kuifanya isifanye kazi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa katika petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 ikawa imeondolewa. Leo adui wa mara kwa mara ni gundi ya silikoni inayopakwa kwenye gasketi: mvuke wake hupita katika injini na kuacha ganda la kioo juu ya kauri. Injini inayokula oili hufanya vivyo hivyo kwa majivu yake, na maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda pia. Kubadilisha kihisi kwenye injini ya namna hiyo kabla ya kuitengeneza injini yenyewe ni kumwaga fedha.

Lipo na jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Ile hewa safi inayohitajika ndani ya subana, katika vihisi vingi vya kisasa huingia kwa kupita ndani ya nyaya, katikati ya vijiwaya vya shaba na ganda lake. Nyaya zikiunganishwa kwa kulehemu, au plagi ikijazwa grisi, njia ya pumzi huzibwa na kihisi huanza kusema uongo. Anayeunganisha kihisi kisicho cha gari hilohilo atumie viunganishi vya kubana, na grisi iende kwenye nyuzi za kufungia peke yake, isiguse ncha.

Kuhusu ushauri wa tatu, wa kung'oa masega na kuweka bomba tupu, hatuna maneno matamu. Aghalabu anayelitoa analijua soko la madini yaliyomo ndani yake, na mteja huondoka akidhani amesaidiwa. Gari lisilo na masega hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Bomba lililounganishwa vibaya likiwa na mwanya chini ya sakafu ya gari, na watoto wamelala siti ya nyuma katika safari ya usiku vioo vikiwa vimefungwa, hapo hesabu ya fedha iliyookolewa haina maana yoyote. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa watu wote waliomo garini kwa wakati mmoja ni dalili ya kusimama, kufungua milango na kutoka nje mara moja.

Kwa atakayeamua kununua, atazame namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye kile cha zamani, na si jina la gari pekee, kwa maana gari la jina moja na mwaka mmoja huweza kuwa na injini mbili tofauti. Kilichotumika, cha kutoa kwenye gari jingine, kimekwisha kula sehemu ya umri wake na hakuna ajuaye ni sehemu gani. Kikifungwa kipya, aombe gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi fundi achomeke mashine kabla ya kuwasha. Injini ikiwashwa baridi, volti za kihisi cha aina ya subana zitatulia mahali pamoja kwa muda mfupi. Ndani ya nusu dakika hivi zinatakiwa zianze kuhangaika, juu na chini, kati ya 0.1 na 0.9. Zikianza, hita inafanya kazi, na fundi alipwe.